A Iliyohamia Mkono wa Kulia

Mpendwa kaka yangu Barasa,

Nimekuandikia barua nyingi kichwani tangu tulipokulaza kaburini Bungoma, lakini hii ndiyo ya kwanza kuiandika kwa vidole. Naiandika wazi, atakayeisoma na aisome, kwa sababu sijui pa kuituma, na kwa sababu jambo lenyewe lilitokea mbele ya watu. Wiki iliyopita nilienda kituo cha Donholm kupigania nafasi ya kujifunza programu. Nilikaribia kuipoteza kwa sababu ya herufi moja uliyoniachia. Mama ananiuliza mbona sili vizuri, nami sijui nianzie wapi kumweleza. Kwake ile laptopu ni kitu chako tu, kama viatu vyako. Hajui tulivyokuwa tukiishi ndani yake, mimi na wewe.

Unaikumbuka Jumamosi uliyoileta nyumbani? Uliibeba kutoka mjini ndani ya mfuko wa unga ili vijana wa pale barabarani wasikufuate. Ulipoiweka mezani Mama alifurahi, akasema, "Asante, baba, leo tutasonga ugali wa kushiba." Kisha ukaitoa, nyeusi, pembe moja imevunjika, Mama akaangalia mfuko tena kama kwamba unga ungekuwa chini yake.

Ukaiwasha. Ukaandika jina lako. Ikatoka Brs.

Ukabonyeza a tena. Ukabonyeza kwa kidole gumba. Ukapuliza, ukapiga piga upande wa chini. Hakuna. Muuzaji alikuwa amekwambia kuna kibonye kimoja kinachosumbua kidogo, na wewe ulikuwa na furaha mno hata hukujaribu kuandika pale pale. "Ni moja tu, Neki," ukaniambia. "Hizo zingine zote ziko fiti."

"Lakini Kaka," nikasema, "Kiswahili bila a kitabaki na nini?"

Tukajaribu. Mama ikawa mm. Kaka ikawa kk. Ukaandika chpti, Mama akainama nyuma yetu, akasoma, akauliza, "Hiyo chpti ni dawa ya nini?" Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ni kicheko ninachokikumbuka kuliko vingine vyote vya nyumba hii.

Fundi alisema kibodi ya aina hiyo haipatikani tena, na matundu ya pembeni, ya kuchomeka kibodi nyingine, yalikuwa yameungua kabla haijafika kwetu. Mtu mwingine angeirudisha. Wewe ulisema, "Sasa ni yetu," ukaanza kutafuta njia.

Nilikuwa bado nikivaa sare ya shule wakati huo, na sikujua kwamba programu haiandikwi mahali popote pale. Wewe pia hukujua. Ulianza kuandika kodi zako, yaani mistari ya programu, kwenye programu ile ya barua, ile ambayo kila mtu anaandikia maombi ya kazi. Ikakugeuzia herufi za mwanzo kuwa kubwa. Ikapinda alama zako za kunukuu. Kila ulipoziendesha kodi, zilikataa. "Hii kitu inajifanya mwalimu wa insha," ukalalamika. "Mimi nataka iandike nilichosema, si inachofikiria." Hapo ndipo uliposoma kwenye simu kwamba kazi hii ina programu zake za kuandikia. Vitabuni zinaitwa vihariri. Sisi tulisema edita, kama kila mtu.

Ukaweka kwanza ile ya rangi ambayo watu wote wanaisifu. Uliibonyeza, ukaenda kuteka maji, ukarudi, bado inafunguka. Feni ya laptopu ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Ulipoandika herufi moja ilikaa, ikafikiri, ndipo ikaonekana. Ukaifuta.

Kisha ukaleta ile niliyoipa jina Nyeusi. Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi. Haina vitufe, haina picha, haina hata mahali pa kubonyeza ili uifunge. Ilifunguka kabla hujaondoa kidole. Inafanya kazi kwa hali mbili: katika moja unaiamuru, katika nyingine unaandika, na usipojua uko katika ipi, utaharibu kila kitu. Siku ya kwanza uliponiachia, niliandika neno moja nikashindwa kutoka. Nilibonyeza kila kitu. Nilifunga kifuniko nikakaa kitandani nikiwa na machozi, nikidhani nimeiua. Uliporudi ulicheka, si kwa kunidharau. "Hata wakubwa wa hii kazi walikwama hapo hapo, siz. Ukipotea, bonyeza Esc. Ukiogopa, bonyeza Esc."

Ubora wa Nyeusi ni kwamba inakubali kufundishwa. Uligundua kwamba unaweza kuiandikia mstari mmoja kwenye mipangilio yake, ukaiambia: nikigusa kibonye cha nukta mkato, wewe andika a. Kufundisha kompyuta nzima hukujua bado, lakini edita moja iliweza. Shida ikawa mstari wenyewe ulihitaji a ndani yake. Ili tupate a, tulihitaji a. Ulizunguka chumba mara kadhaa, ndipo ukafungua kwenye laptopu mwaliko wa harambee ya kanisa ambao Mama alitumiwa, ukakopi a moja kutoka kwenye neno "karibuni", ukaibandika. Uliniita nije nione. Uligusa nukta mkato kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia, na a ikatokea kwenye skrini.

"Hapo ndipo a inakaa kwetu," ulisema. "Zoea."

Nikazoea. Kwa alasiri zote ulizotoka kiwandani mapema, tulikaa pale mezani, wewe ukinuka vumbi la saruji na sabuni, mimi nikiandika. A kubwa hatukuwa nayo kabisa, kwa hivyo kwetu Akinyi na Amina waliandikwa kwa herufi ndogo na hakuna aliyelalamika. Hukuwahi kuninyang'anya kibodi. Hata nilipokosea wazi wazi, ulikunja mikono ukangoja nione mwenyewe. Kaka, unajua nilivyo mzito wa kuongea. Mwalimu akiniuliza swali darasani, mwenzangu alinijibia. Dukani nikianza kuomba sukari, mwenye duka alishanipa chumvi. Wewe na Nyeusi ndio pekee mlionisubiri nimalize.

Halafu ulianza kukohoa. Sitaandika kuhusu wiki zile. Unazijua, na mimi nazijua.

Baada ya mtihani wa kidato cha nne nilirudi mezani peke yangu. Nilifungua Nyeusi nikakuta mipangilio yako kama ulivyoiacha. Vidole vyangu vilikuwa vimekuwa vyepesi sasa. Kidole kidogo cha kulia kilijua njia ya a bila kuulizwa. Sikuwa na mtu wa kunionyesha makosa, lakini kila nilipogusa kile kibonye niliona kama kwamba tumeandika pamoja.

Kevo, yule kijana wa mlango wa pili, ndiye aliyeniambia kuhusu kituo cha Donholm. Alisema wanachukua vijana wachache kuwafundisha, ila kwanza lazima ukae mbele yao uandike programu ndogo wakikuangalia, kwa edita yoyote unayotaka. Mama alisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Enda ujaribu, mayi," akasema. Unajua anavyoniita mayi, yaani mama, akiwa na wasiwasi. "Lakini ukikosa, tusidanganyane. Nimeshaongea na mke wa msimamizi wa kiwanda. Jumatatu utaenda getini na wengine."

Geti lile lile, Kaka. Pale Industrial Area uliposimama kila alfajiri ukingoja kuchaguliwa. Nilijua anaogopa njaa kuliko anavyoogopa geti, na mimi naogopa geti kuliko njaa.

Kevo akanichukua kwao nikajaribu kwenye kompyuta yake. "Hiyo yako ni edita ya wahenga, Neki," alisema. "Chagua hii ya rangi. Kila mtu anatumia hii. Ukikwama, kuna watu elfu wa kuuliza. Ukikwama na hiyo yako, utauliza nani, mababu?"

Hilo la mwisho alilisema bila kufikiri, akaona uso wangu, akaomba msamaha. Na alichokisema kilikuwa na maana. Niliketi nikaandika salamu ya kwanza. Ikatoka j;mbo.

Kevo akaangalia skrini, akaniangalia. "Sasa wewe unaisalimia kompyuta ama unaikonyezea jicho?"

Nikafuta, nikaandika tena. j;mbo. Mkono haukunisikia. Mbaya zaidi, ile edita ya rangi ilianza kunimalizia maneno. Naandika herufi mbili, inatoa neno zima. Naanza mstari, inaleta mistari mingine ambayo sijaifikiria, imepauka kidogo, ikingoja tu nikubali. Kevo aliona ni raha. Mimi nilihisi nimerudi darasani, mwenzangu ananijibia. Nilishindwa kujua lipi limetoka kwangu na lipi limetoka kwake. Nikasimama.

"Nitaenda na laptopu yangu," nikamwambia.

"Na a yako ya mkono wa kulia?"

"Na a yangu."

Hivyo ndivyo nilivyochagua. Nilidhani nimemaliza.

Siku yenyewe nilifika mapema, laptopu yako imekumbatiwa kifuani. Chumba kilikuwa na meza ndefu na kompyuta za kituo zimepangwa, zote zimewashwa. Vijana walikuwa wengi, wengine wakitajiana majina ya edita kama watu wanaotajiana timu za mpira. Mmoja aliyevaa kofia nyekundu aliniuliza natumia gani. Nilimwambia. Akasema, "Haiya, huyu ni nyanya yetu," wenzake wakacheka, nami nikakaa kwenye kiti cha mwisho.

Mwalimu aliyeingia aliitwa Madam Zuhura, mama wa makamo mwenye mtandio wa kijani na Kiswahili cha pwani. Hakupaza sauti na watu walinyamaza.

"Laptopu zenu zifungeni," alisema. "Leo kila mtu atatumia mashine ya hapa, asije mtu na kazi aliyoipika nyumbani. Edita za kila aina zimo. Chagueni muitakayo."

Niliweka laptopu yako chini ya kiti. Nilitaka kuinua mkono niseme, Madam, mimi siwezi, na mkono haukuinuka. Ningesema nini? Kwamba kibodi nzima inanishinda kwa sababu imekamilika?

Kazi ilikuwa hivi: tuandike programu ya kusimamia foleni ya kinyozi. Mtu akifika, jina lake liingie. Kinyozi akiwa tayari, programu itaje anayefuata. Mtu akichoka kungoja akaondoka, jina lake litoke na wengine wasogee. Majina ya kujaribia yalikuwa ubaoni: Fatuma, Kamau, Akinyi, Wafula, Amina. Nilipoyaona, nilijua nimekwisha. Hakuna jina pale lisilo na a.

Kwenye skrini yangu ile edita ya rangi ilikuwa tayari imefunguliwa. Nikaanza. F;tum;. Mistari myekundu ikajaa chini yake kama upele. Nikafuta. Nikaandika nikiangalia vidole: Fatuma. Neno la pili nikasahau: K;m;u. Nikafuta. Ile edita ikanipendekezea jina lingine kabisa, nikabonyeza vibaya, likaingia. Nikafuta. Kulia kwangu yule wa kofia nyekundu alikuwa anateremsha mistari kama mvua. Akanichungulia.

"Wee siz, hiyo ni lugha gani?"

Wawili watatu wakageuka. Nikaona geti. Nikaona watu wamejipanga, na mtu mwenye kidole akisema wewe, wewe, si wewe.

Nikaifunga ile ya rangi. Nikafungua Nyeusi. Ilifunguka papo hapo, tupu, ikangoja. Na kichwani mwangu ulikuwepo mstari wako, wote, pamoja na ile a ya kukopa. Niliuandika kama amri. Nikajaribu nukta mkato. A ikatokea.

Kaka, mikono yangu ilirudi. Sikuangalia tena chini. Niliandika foleni, nikaandika anayefika, nikaandika anayefuata. Nilisikia kama kwamba umekunja mikono nyuma yangu unangoja. Muda ulikuwa umeniacha lakini nilikuwa naufukuza. Hata yule wa kofia nilimsahau.

Ndipo nikahisi mtu kweli nyuma yangu. Madam Zuhura alikuwa akipita akitazama kazi za watu. Aliinama kwenye kibodi yangu. "Hapa mwanangu, majina haya ungeyatenga hivi," akasema, akaanza kuandika alama yake mwenyewe. Badala ya nukta mkato ikatoka a. Akajaribu tena. A.

"Mashine hii ina nini?"

"Imeharibika, Madam," akasema yule wa kofia nyekundu. "Tangu mwanzo inamwandikia vitu vya ajabu."

Ilikuwa rahisi sana kukubali. Ningesema ndiyo, imeharibika, wangenihamisha kwenye mashine nyingine, na mimi ningeketi pale na mikono iliyokufa.

"Si mashine," nikasema. "Ni mimi."

"Sema nisikie."

"Ni mimi, Madam. Nimeibadilisha." Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini chumba kilikuwa kimya kuliko sauti yangu. "Laptopu yetu nyumbani haina a. Kaka yangu alinifundisha kuandika a kwa kibonye hiki. Sijui kuandika kwingine."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akaacha.

"Na huyo kaka yako hakukwambia siku moja utakaa kwenye mashine ya wenzio?"

"Hayupo, Madam."

"Yuko wapi?"

Nilitikisa kichwa tu. Akaelewa. Akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti changu.

"Pole, mwanangu. Mola ampe pumziko jema." Nilidhani ameniachia. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya upole, "Lakini nisikilize. Hapa kazi hufanywa na watu wawili kwenye mashine moja. Mwenzio akija kukaa hapa akusaidie, ataandikaje? Edita yako baki nayo, ni nzuri, wala mtu asikucheke. Huo mstari uondoe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Muda bado upo."

Akaendelea na safari yake kati ya meza. Mimi nilibaki na mikono juu ya kibodi. Nilimchukia, Kaka. Nakwambia ukweli, kwa muda ule nilimchukia mwanamke ambaye hakunikosea kitu. Nilihisi nimeambiwa nikufukie mara ya pili, na mara hii kwa mikono yangu, na watu wakiangalia. Nilitazama mlango. Ulikuwa wazi. Laptopu yako ilikuwa chini ya kiti, ningeinama tu niichukue nitoke, na nje hakuna ambaye angeniambia a inakaa wapi.

Na getini pia hakuna ambaye angeniuliza.

Nikabonyeza Esc. Nikahifadhi kazi, nikaifunga Nyeusi, nikaifungua upya bila mstari wako. Amri niliyoiandika ilipotea kama haikuwahi kuwepo. Kazi yangu ilikuwa bado pale. Hilo lilinishangaza, sijui kwa nini. A zote nilizoandika kwa mkono wako zilikuwa bado a.

Nikaendelea polepole. Kila a ilipokuja nilisema kimoyomoyo, kushoto. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini akaambiwa apike. Kilibonyeza vibaya, kilichoka. Kushoto. Kushoto. Yule wa kofia nyekundu alishamaliza, ameegemea kiti, anapiga miayo. Madam Zuhura aliposema tuache, sehemu ya mwisho ilikuwa haijakamilika. Mtu akiondoka kwenye foleni yangu, jina lake lilitoka, lakini wa nyuma yake aliruka zamu.

Walituita mmoja mmoja mbele kueleza. Yule wa kofia alionyesha foleni yake, ikafanya kila kitu. Madam akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Huu unafanya nini?"

"Huo… unasaidia programu, Madam."

"Unaisaidia vipi?"

"Edita iliuleta yenyewe."

Madam akasema asante, akamwita mwingine. Ilipofika zamu yangu nilikwenda mbele. Nilieleza mstari kwa mstari kwa sababu sikujua njia nyingine ya kueleza. Nikafika mwisho nikasema, "Hapa pana kosa. Namtoa mtu kwenye foleni wakati bado naihesabu, kwa hivyo anayemfuata anarukwa. Sikupata muda wa kulitengeneza." Madam Zuhura alinitazama, hakutabasamu, hakukunja uso. "Haya, nenda," akasema.

Nilitembea kutoka Donholm mpaka nyumbani. Sikuweza kupanda gari. Nilihitaji kitu cha kufanya na miguu. Mama alikuwa kibarazani. Nilimwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akatoka na dasti koti yako, ile ya kiwandani. Akailoweka kwenye beseni. Nilimtazama akiifikicha kola, taratibu, kama unavyoosha kitu cha mtoto. Kesho yake ilikuwa kwenye kamba imekauka. Kesho yake tena alikuwa ameipunguza mikono ili inienee.

Siku zile zilikuwa ndefu, Kaka. Nilichorachora mezani kwa kidole cha kushoto, a, a, a, hata bila kibodi. Kila simu ya Mama ilipolia nilisimama. Ilikuwa watu wa chama. Ilikuwa shangazi. Ilikuwa mtu aliyekosea namba.

Ijumaa iliita tena, Mama akaipokea, akasikiliza, uso wake ukabadilika. Akaniletea akiishika kwa mikono miwili kama kikombe kilichojaa.

"Nekesa?" Nilitambua sauti kabla hajajitaja. "Ni Zuhura wa Donholm. Nafasi unayo."

Nilimtazama Mama.

"Upo?"

"Nipo, Madam."

"Wengi walimaliza kazi na hawakujua wameandika nini. Wewe hukumaliza, lakini ulijua mpaka kosa lako lilipolala. Kesho uje uchukue mashine ya kufanyia mazoezi nyumbani. Na kibodi ujifunze, mwanangu, sitaki kukuona unabonyeza nukta mkato Jumatatu."

Nilipomrudishia Mama simu alikuwa anajua tayari. Hakupiga vigelegele. Aliingia chumbani, nikamsikia akifungua sanduku lako na kulifunga, na alipotoka dasti koti haikuwa tena kwenye msumari. Kisha akaniambia nikasonge ugali, na kwamba leo nile.

Sasa ni Jumapili mchana. Mama yuko kanisani, mimi nimebaki na laptopu mbili mezani. Barua hii naiandika kwa ile ya kituo, ndani ya Nyeusi. Kevo alipita akachungulia, akasema, "Bado tu na edita ya wahenga?" Nimemwambia bado. Sijaichagua kwa sababu ni bora kuliko za wengine. Huenda siku moja nitaizoea hata ile ya rangi. Nimeichagua kwa sababu inaningoja nimalize kusema. A zote unazozisoma hapa zimetoka mkono wa kushoto, ingawa jina lako limenishinda zaidi ya mara moja, nikarudi kulisahihisha.

Asubuhi nilihamisha mipangilio yako yote kuja huku. Mistari yote ilikubali. Nilipofika kwenye ule wako wa a, nilikaa nao muda mrefu. Nikiuacha, Jumatatu mwenzangu atakaa kwenye kibodi yangu na kupotea. Nikiuondoa, sitajua tena mahali palipokuwa na mkono wako. Niliuwekea kidole kuufuta, nikashindwa. Nikajaribu tena.

Kisha nikakumbuka jambo ambalo hukuwahi kunifundisha, nililisoma mwenyewe. Katika mipangilio ya Nyeusi, ukiweka alama moja ya kunukuu mwanzoni mwa mstari, kompyuta inauruka. Haiutii, haiugusi. Mstari unabaki pale pale kwa ajili ya mtu anayesoma. Ndivyo watu wa kazi hii wanavyoachiana maneno.

Nimeiweka alama hiyo, Kaka. Kompyuta haitakusikia tena. Mimi nitapita hapo kila siku nikifungua, nami nitakusoma.

Pumzika, usinihofie sana. Nikipotea najua cha kubonyeza.

Ni mimi, mdogo wako uliyemngoja amalize,
Nekesa